Nzi Juu ya Mkate

Kaka yangu wanamwita Fundi Nzi, na si kwa sababu ya uchafu. Alikuwa mchoraji wa mabango, wa brashi na rangi ya mafuta, na kila alipomaliza kazi alichora nzi mmoja mdogo pembeni, pale ambapo wengine huandika jina. Nzi mwenye miguu, mabawa na kivuli chake. Watu wazima na akili zao walisimama kumfukuza kwa mkono, halafu wakaangalia huku na huku kama kuna aliyewaona.

Kwenye ukuta wa kiwanda cha mikate, mkabala na nyumba yangu, alichora mkate mkubwa kuliko mlango, umekatwa vipande, na nzi katua kwenye kipande cha mwisho. Mwenye kiwanda alikuja juu. Nani atanunua mkate wenye nzi? Kaka akamwambia asubiri. Watu wakawa wanakuja kumfukuza nzi, wanacheka, na kwa kuwa wameshafika mlangoni wanaondoka na mkate. Mwenye kiwanda akanywea.

Alama ile haikuchezewa. Fundi mwenzake mmoja, rafiki yake wa kula sahani moja, aliwahi kuchora nzi kwenye bango la kinyozi. Kaka alikwenda na msasa akamkwangua nzi yule mbele ya wateja, na urafiki ukaishia hapo. Nilimwambia amezidisha, nzi ni nzi tu.

"Mtu akijiita kwa jina lako, akaingia nyumbani kwako, utasema jina ni jina tu?" alinijibu.

Kichwa kigumu, kama marehemu baba.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, na kazi zake zikashushwa moja baada ya nyingine. Kiwanda nacho kikafungwa. Mkate ukabaki ukutani kwa sababu tu hakuna aliyejali kuufuta. Halafu kiharusi kikamchukua kaka mkono wa kulia, mguu, na maneno yote. Mkewe alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nilimleta kwangu. Yeye akapata chumba cha mbele, mimi na cherehani yangu tukahamia barazani.

Kila asubuhi nilimvusha barabara kwa kiti chake cha magurudumu akautazame mkate. Akiwa pale, kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatembea juu ya paja, kinapanda na kushuka, kama anayefuatisha herufi. Hapo tu ndipo nilipojua kaka yangu bado yumo. Kwingineko kote nilikuwa nabahatisha: ana njaa, ana baridi, amechoshwa na maneno yangu.

Basi tukasikia jiji linapambwa, na ukuta wa kiwanda utachorwa picha kubwa ya kuwaenzi wafanyakazi. Nilikwenda ofisini kwao. Walinikalisha vizuri, wakaniambia kwa tabasamu kwamba ukuta una mwenyewe na mwenyewe ameshakubali. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Ningemshtaki nani, na kwa kosa gani?

Mchoraji wa hiyo picha alikuwa binti wa rika la mwanangu wa mwisho, mpole, rangi mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza yote: mkate, kiharusi, kidole. Nikamwomba aniachie walau nzi.

"Mama, huyo nzi simgusi," alisema.

Na kweli hakumgusa yeye. Siku niliyompeleka kaka hospitali kwa mazoezi ya viungo, walikuja vibarua na rangi nyeupe, wakaambiwa ukuta, wakapaka ukuta. Tuliporudi pamekuwa peupe kama shuka. Binti alikuja barazani analia. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, makali kweli kweli, lakini nikajikuta namtilia chai na kumbembeleza. Akasema atarekebisha. Sikuuliza atarekebishaje. Kaka alikuwa dirishani, anaona kila kitu. Alinitazama, nami nikaitazama cherehani.

Siku ya sherehe tuliwekwa mstari wa mbele. Matarumbeta, viti vya plastiki, mgeni rasmi na hotuba yake isiyo na mwisho. Kisha pazia likaanguka. Ilikuwa mikono, mikono tu ya watu wa kazi: inakanda unga, inashona, inabeba matofali, na wa juu kabisa umeshika brashi. Nilitafuta kasoro kwa roho mbaya kabisa na sikuipata. Ilikuwa nzuri.

Na chini, pembeni, alikuwepo nzi. Miguu, mabawa, kivuli. Mgeni rasmi akanyoosha mkono kumfukuza, umati ukaangua kicheko. Mshereheshaji akatangaza kwamba nzi yule ni heshima kwa fundi mkongwe wa mtaa huu, na watu wote wakageuka kutupigia makofi. Binti akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mzee, ni wako huyo," alimwambia.

Hapo ndipo nilipoukumbuka msasa. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu, ila habari ya yule nzi wa kinyozi sikumwambia.

Kaka alimkodolea nzi macho. Kisha mkono wa kushoto ukainuka ukapiga paja. Ukainuka tena, ukapiga tena, kwa nguvu. Watu wakasema, mwoneni, naye anashangilia, wakaongeza makofi. Wao walipochoka, yeye aliendelea. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, lakini jicho lile tangu augue hutoa machozi hata akinywa uji. Nilichuchumaa mbele yake.

"Kaka, umefurahi?"

Akapiga paja.

"Umekasirika?"

Akapiga vilevile.

Niliushika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nao ukawa unanisukuma kutoka ndani. Binti alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama nimwambie mzee amesema nini.

Baadaye nilipopekua sanduku la zamani la kaka nilikuta kipande cha msasa. Sasa kinakaa kwenye mfuko wa aproni yangu. Kila asubuhi namvusha barabara, namsogeza mpaka kwa nzi, naye anapiga paja. Kidole hakitembei tena. Namwonyesha msasa, namuuliza nikwangue au niache. Anapiga paja, nami naugeuza kiti tunarudi nyumbani.