Siku Nilipomvisha Marehemu Tito Suti ya Bodaboda

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na pale Pasiansi, Mwanza, ukiuliza Mzee Picha hata mbuzi watakuonyesha mlango wangu, kwa hiyo nikisema kuna siku nilitamani ziwa linimeze nikiwa nimesimama nchi kavu, mbele ya watu wenye sahani za pilau mkononi, mjue sisemi kwa kujifurahisha. Aibu ile ni yangu. Niliitengeneza kwa vidole vyangu mwenyewe, na afadhali niisimulie mimi kuliko aisimulie mtu ambaye hakuwepo.

Shule niliishia darasa la nne na sioni haya kusema. Kazi ya picha niliipata kwa kubeba begi la mwenye kamera, nikaja nikafungua studio yangu, nikasafisha picha kwenye chumba cha giza miaka na miaka (wa umri wangu mnakumbuka, taa nyekundu, beseni la dawa, karatasi nyeupe inalala ndani ya maji halafu polepole linatokea jicho, inatokea pua, mara mama wa mtu anakutazama kutoka chini ya maji kama amelala akaamka), na kompyuta zilipoingia nikajifunza na kompyuta, bila mwalimu, kwa kubonyeza kila kitu mpaka kikubali. Nilikuwa mwepesi? Hapana. Ila kazi ilitoka.

Sasa nina jirani anaitwa Koku, binti wa Kihaya, anatengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta yake chumba cha pili kutoka studio. Siku moja akapita asubuhi anakwenda sokoni, akarudi na ndizi zake, akanikuta niko palepale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, picha hiyo si ndiyo nimeiacha hapo nikienda?"

"Picha haikimbizwi, Koku."

"Haikimbizwi, ila wewe unaifuata kwa magoti."

Akaweka ndizi chini, akavuta kigoda, akachukua kipande cha boksi na kalamu nene akaniandikia njia za mkato, akakibandika ukutani juu ya kioo cha kompyuta. Control na J, unapata nakala ya picha juu ya picha, unaifanyia kazi nakala na ile ya chini inabaki kama ilivyozaliwa. Control na Z, unarudi nyuma ukikosea. Zile alama mbili za mabano ya mraba, brashi inakua na kusinyaa bila kwenda kuitafuta juu. Ukishikilia kile kitufe kirefu cha chini, kishale kinageuka mkono na picha unaivuta unakotaka. Na ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonimaliza: unaweza kuiambia programu ikutazame unavyoifanyia kazi picha moja, ikariri hatua zako zote, halafu unaionyesha folda nzima, yenyewe inarudia hatua zilezile kwa kila picha na kuhifadhi, wewe umekaa.

"Lakini hii ya kwanza ndiyo mama yao," Koku akasema, akaipigia mstari mara mbili. "Nakala kwanza, mzee. Na ukimaliza unahifadhi kwa jina lingine. Usije ukahifadhi juu ya picha yenyewe."

Nikaitikia. Moyoni nikasema hayo ni mambo ya watu waoga. Mimi nilikuwa nasafisha filamu gizani, filamu haina nakala, na mikono yangu haikutetemeka.

Wiki hiyohiyo akaja Bibi Veronika. Huyu anatoka Nansio, kisiwani, alivuka na meli kunifuata mimi tu, kwa sababu mume wake, Mzee Tito, fundi wa mitumbwi, nilimpiga picha mimi mwenyewe studio kwangu mwaka mmoja kabla hajafariki. Zilikuwa picha ndogo nne za kubandika kwenye fomu. Mbili zilikwenda na fomu, moja alizikwa nayo, ya nne ililowa paa lilipovuja. Nyingine hakuna. Mtu yule alikuwa hapendi kamera, na simu ya mama wa watu ni ya tochi, haina kamera.

"Bado unayo?" akaniuliza, na niliona alivyoshikilia ukingo wa meza.

Nikafungua kompyuta, nikamtafuta, akatokea. Tito mzima, mvi zake, mikunjo yake, na lile kovu juu ya nyusi ya kushoto, refu kama punje ya mpunga. Bibi Veronika akasema familia inamaliza msiba, mwaka umetimia, wanataka picha kubwa ya kusimamisha mbele ya watu, na baadaye aiweke sebuleni.

"Usimfanye kijana," akasema. "Nataka alivyo. Na kovu lake."

"Mama, unaongea na Mzee Picha."

Picha nikaiacha kwenye folda ya kazi za wiki. Nina folda moja, inaitwa KAZI, mambo ya folda ishirini ni ya watu wenye muda.

Humohumo ndani ya KAZI walikuwamo vijana arobaini wa bodaboda wa kituo chetu, wanataka vitambulisho, na wote wanataka kuonekana wamevaa suti (kijana anaendesha pikipiki na malapa, lakini kitambulisho anataka tai). Hiyo si shida, kila studio ina suti yake ndani ya kompyuta. Yangu ni nyeusi, tai nyekundu, imeshavaliwa na nusu ya Ilemela. Na kiti changu nimekipigia alama ya rangi sakafuni, kila anayekaa anakaa palepale, kichwa kinafika palepale, kwa hiyo suti inamkaa kila mtu.

Nikachukua kijana wa kwanza. Alikuwa na chunusi kubwa juu ya nyusi ya kushoto. Nikaiambia programu inikariri: kata, weka bluu nyuma, futa chunusi, lainisha uso, valisha suti, hifadhi kwa jina lilelile. Kwenye ile hatua ya nakala nikasita. Nikatazama boksi la Koku ukutani, nikajiambia, nikiweka nakala kwa watu arobaini kompyuta itachelewa, na shida yote hii ni ya nini kama si kuwahi. Nikairuka. Nikaionyesha KAZI, nikabonyeza, nikaegemea kiti.

Ndugu zangu, raha ile. Kompyuta inafanya kazi yenyewe, nyuso zinafunguka na kufungika, bluu, bluu, bluu, kama mtu anayepitisha mkono juu ya maji. Dirisha langu linaangalia ziwa. Siku ile mbali majini walikuwa wamenyanyuka wale wadudu wadogo wa ziwani, wamesimama juu ya maji kama moshi wa mji ambao haupo, moshi unainama, unanyooka, na mawe ya ufukweni yamekaa kimya kama wazee kanisani. Nikawaza beseni langu la zamani. Nikawaza nyuso zote nilizozitoa majini, ziko wapi sasa, wengine wamezeeka, wengine wamekwenda, na mimi bado nipo hapa naangalia ziwa kama beseni kubwa, nasubiri nani atatokea. Nadhani nilisinzia. Nilipofungua macho kazi ilikuwa imekwisha na vijana wa bodaboda wanagonga mlango.

Wakachukua vitambulisho, wakajisifu mpaka barabarani. Mimi nikaweka Tito kwenye flashi, nikaenda mjini kwa mchapaji wa mabango. Jina la faili ni lilelile, namba ni ileile, kwa nini nifungue. Bango lilipotoka mchapaji akaliviringisha akaniuliza, "Mzee, hutaki kulitazama?" Nikamjibu kazi yangu huwa siitazami mara mbili. (Hata mara moja sikuwa nimeitazama, lakini hilo nililijua baadaye.)

Jumamosi nikavuka kwenda Nansio na bango langu mapajani, nimevaa shati lililopigwa pasi. Uwanja wa Bibi Veronika ulikuwa umejaa. Katekista akasali, watu wakapakuliwa chakula, kisha msemaji wa familia akasema fundi picha mwenyewe kaja kutoka Mwanza, naomba asimame atuonyeshe baba. Nikasimama. Vijana wawili wakashika ncha za juu, mimi nikavuta ncha ya chini polepole, nikiwa nimewaangalia watu, maana nilitaka kuona machozi.

Sikuona machozi. Niliona vijiko vimesimama.

Nikageuka. Tito alikuwa amevaa suti nyeusi na tai nyekundu. Nyuma yake bluu. Shavu laini kama la bwana harusi, mvi zimefifia, na juu ya nyusi ya kushoto, pale nilipofuta chunusi ya yule kijana, hapakuwa na kitu. Ngozi tupu.

Sasa msiba wa kwetu una watani, na mtani msibani hakatazwi mdomo. Wa familia ile alikuwa mama mmoja mnene anaitwa Kabula, alikuwa amevaa koti la marehemu nje ndani tangu asubuhi. Akaja mpaka mbele ya bango, akainama, akachungulia.

"Jamani, Tito kumbe hakufa. Amepata kazi benki."

Uwanja ukalipuka. Akazunguka nyuma ya bango, akarudi.

"Veronika, huyu tulimzika na kaptula ya kazi. Suti amenunuliwa na nani huko? Uliza, dada, una mke mwenza."

Kuna mtu alimwagikiwa na soda kwa kucheka. Na mmoja nyuma kabisa, nadhani alishawahi kupita Pasiansi, akasema, "Mbona hiyo suti ni ya bodaboda mmoja namjua?" Mimi nimesimama nimeshika ncha ya bango, na mkono wangu mwingine, sikuutuma, ulikuwa unabonyeza paja langu, kidole kimoja hapa, kimoja pale. Control na Z. Control na Z. Sauti zikaenda mbali kama niko chini ya maji, nikawa nawaona watu wanafungua vinywa, na nawaza, nikibonyeza vizuri nitarudi dirishani, nitarudi kwenye ule moshi wa wadudu, nitaitazama picha.

Kisha nikamwona Bibi Veronika. Yeye hakucheka. Alikuja taratibu, akaweka kidole kwenye bango juu ya nyusi ile, akasugua, kama mtu anayefuta vumbi ili aone kilicho chini.

"Liko wapi?" akaniuliza.

"Mama, nimelifuta."

"Ile nyingine ipo? Ile uliyonionyesha?"

Nikamwambia kweli, kwamba hakuna nyingine, niliweka hii juu ya ile. Sijawahi kusema sentensi fupi iliyokuwa nzito vile.

Usingizi sikuupata siku mbili. Koku akahangaika na kompyuta yangu jioni nzima, akaniambia, "Mzee, imekwenda," na hakuniambia nilikuonya, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Siku ya tatu nikampigia simu Bibi Veronika, nikamwomba avuke. Akavuka. Nikamwekea kiti changu kando ya kioo.

"Wewe unalijua," nikamwambia. "Niambie, mimi nichore."

Nikaweka nakala kwanza. Nikachukua brashi ndogo kuliko zote. Yeye akawa anachora kwa kidole juu ya nyusi yake mwenyewe, na mimi namfuata.

"Linaanzia juu zaidi. Hapo. Sasa linashuka kidogo. Hapana, umelinyoosha, lilikuwa limejikunja mwishoni." Kidole chake kikabaki hapo. "Kibanzi cha tezo kilimruka. Alikuwa anachonga mtumbwi, mimi nikapita na ndoo, akanitazama mimi badala ya mti."

Koku akachungulia mlangoni, akasema kuna njia ya haraka ya kuchora kovu. Nikamwambia aende akapike.

Tulianza asubuhi, tukala mihogo hapohapo, tukaendelea. Mvi moja moja. Mkunjo mmoja mmoja. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho, na kama saa tisa hivi, sijui ni mstari upi uliofanya hivyo, uso ukatokea. Ulitokea kama zamani kwenye beseni, hakuna halafu yupo. Bibi Veronika akasogea karibu na kioo.

"Haya, sasa umekuja," akamwambia. Hakuwa anasema na mimi.

Nikangoja. Kisha nikauliza, "Na suti, mama, niivue?"

Akafikiri, akacheka kwa mara ya kwanza. "Iache. Siku ya harusi aliniahidi suti, akaja na shati la kuazima. Ila hiyo tai ilegeze, inamkaba."

Nikailegeza, kwa mkono.

Kipande cha boksi bado kiko ukutani, na njia zote za Koku nazitumia, sikatai, zinaokoa muda. Lakini siku hizi hata picha ya paka naiwekea nakala kwanza, na hakuna bango linaloviringishwa mbele yangu kabla sijalitazama machoni. Mchapaji akiniuliza, "Mzee, hutaki kulitazama?" namwambia likunjue lote, mpaka chini, na usinikimbize.