Ndoo ya Hortense

Hortense alikuwa fundi wa nguo nyeusi. Mtu akifa mtaani kwetu Makomeno, hata jeneza halijapatikana, wanawe walikwisha kufika mlangoni kwake na mashuka, magauni na makoti ya kila rangi, na kesho yake yote yalikuwa meusi tititi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, akaifanya miaka ishirini na miwili. Vidole vyake havikurudi tena rangi ya kuzaliwa, na kanisani alipokea komunyo kwa ulimi, maana aliona haya kunyoosha viganja.

Sisi tuliokaa naye lupangu moja, kaya nne kwenye ua mmoja, tulimpenda siku za vilio tu. Siku nyingine tulimsema. Maji yake ya rangi yalipita mferejini mpaka kisimani, na mwaka jana kisima kikaanza kutoa maji ya kijivu. Mwenye mdomo kuliko wote nilikuwa mimi. Nilimpelekea ndoo nzima, nikaimwaga mbele ya miguu yake.

"Mama Hortense, angaria! Ni mu hii maji batoto banaoga?"

"Niende wapi na kazi yangu?" alijibu. "Munataka nikule nini?"

Mzee Sylvain, mwenye lupangu, mstaafu wa reli, akampa mpaka mwisho wa kiangazi: maji meusi yaishe, au ahame.

Aliyemwokoa ni Aristote, mpangaji wa chumba cha nyuma, msaidizi wa kemia chuoni. Alimletea unga mweupe, wa aina ile inayotiwa katika rangi za kuta, ila laini zaidi. Ukiukoroga ndani ya maji machafu ukayaanika, alisema, unga unashika nguvu ya jua na kuivunjavunja rangi mpaka isionekane. Wenyewe hauishi, unatuama chini, unautumia tena. Tulicheka sana. Hortense hakucheka. Alipanga mabeseni sita mapana kando ya ukuta, akayatia maji kidogo kidogo ili jua lifike chini, akawa anakoroga kutwa nzima kama anayesongea wageni bukari.

Baada ya siku chache maji yakawa meupe. Aliyachota juu juu, akayaweka katika ndoo yenye kifuniko, akatuita. Alilia mbele yetu bila kuficha uso.

"Eh, iko clair sawa maji ya chupa!" nilisema mimi mwenyewe. Mzee Sylvain akamwambia abaki.

Mwezi wa tisa Mzee Sylvain akafa. Joto lilikuwa kali, na bomba lilikuwa kavu wiki nzima, kisima nacho kimebaki tope. Kwetu, penye kilio, jiko si la mwenyewe tena. Wanawake wa mtaa wanaingia, na kila kilichoko uani ni cha kilio: sufuria, kuni, maji. Hakuna anayeomba ruhusa. Hortense alikuwa ameenda kwenye uwanja wa Luano kuwapelekea nguo nyeusi ndugu walioshuka na ndege.

Ndipo alipofika Mama Jeanne, dada wa marehemu, kutoka Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, siku tatu juu ya lori, sauti imekauka kwa vumbi na kulia. Chola, binti yake, alikuwa amebaki barabarani akishusha mizigo.

"Munipatie maji, bana yangu."

Mapipa yote yalikuwa matupu. Nikaiona ile ndoo ya Hortense yenye kifuniko. Nilichota kikombe, nikakiinua juani kukitazama: maji maangavu, hata kijidudu hamna. Nikampa. Alimeza mafunda mawili makubwa, kisha kikombe kikaanguka, akashika koo.

Aristote alitueleza baadaye. Unga unakula rangi tu. Soda ile kali ya kutengenezea sabuni, ambayo Hortense alitia ili rangi ishike, unga hauigusi. Na jua lilipokausha maji siku hizo zote, soda ilibaki, ikazidi ukali. Alikuwa amemwonya Hortense asiyanywe. Hortense hakuona haja ya kututangazia. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kutamani kunywa maji yake.

Mama Jeanne alikaa hospitalini siku tisa bila kumeza hata mate. Siku ya kumi tulianza kilio kingine kabla ya kumaliza cha kwanza.

Chola alisimama katikati ya ua, watu wote wapo.

"Nani alimupatia mama maji?"

Siku ile ua ulijaa, wengi waliniona. Wote walitazama chini. Hortense peke yake, aliyekwisha kuambiwa, alinitazama. Kisha akamgeukia Chola.

"Aliteka ye mwenyewe. Ndoo ni yangu. Ni mimi niliiacha pale."

Chola alimtemea mate usoni. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, nimevaa gauni jeusi alilonitilia rangi Hortense, nikanyamaza. Jumamosi ndugu wa Mzee Sylvain walimfukuza Hortense, na mimi nikamsaidia kubeba mabeseni mpaka barabarani.