Mtani Aliyenyamaza

Baba yangu aliitwa Rafaeli na mama yangu Oresta, Wangoni wote wawili. Mimi nilizaliwa hapa Mfaranyaki, Songea, ndani ya ua wa matete ulionukia ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha. Andika hivyo, mjukuu wangu, usiongeze kitu. Kila Jumamosi alikuja Mzee Mligo, Mbena, mtani wa baba. Aliingia bila hodi, akamwita baba mtumwa wake aliyemtoroka vitani, akakamata kuku na kuondoka naye kwapani. Baba alicheka hadi akakohoa.

Mwaka mmoja vijana wa Kingoni na wa Kibena walipigana sokoni wakigombea vizimba, na mmoja akapoteza jicho. Serikali ya wakati ule haikuchelewa. Ilileta askari, ikawaita wazee barazani, ikapiga marufuku kumtaja mtu kabila lake kwa dhihaka, na atakayethubutu afungwe. Ugomvi ulikoma ndani ya wiki moja. Hilo sikatai.

Kabla mahindi hayajakauka, baba akafa. Kwetu mtani ndiye huchimba kaburi, hulala ndani yake akidai hatoki mpaka apewe kuku, na humsema marehemu mpaka wafiwa wacheke, kisha walie vizuri. Mzee Mligo alichimba, akafukia, asitamke neno, maana askari alisimama kando ya udongo. Nilikuwa na miaka kama minane. Nikamvuta koti, nikamwuliza mbona hamtukani baba. Askari akageuza shingo.

"Nyamaza, mama," mzee alininong'oneza. "Nina watoto sita."

Mama hakulia siku ile, wala miezi iliyofuata. Mvua zilipoanza, tulipita makaburini asubuhi tukienda kuchota maji, tukamkuta Mzee Mligo amelala juu ya kaburi, kando yake kuku amefungwa miguu.

"Toka humo, mtumwa mvivu," alikuwa akisema. "Kuku nimemleta mwenyewe."

Mama alicheka. Kisha akatua ndoo, akaketi kwenye umande, akalia mpaka jua likapanda.

Leo Songea imetulia. Bodaboda anakubeba bila kuuliza kabila lako, nami nashukuru. Lakini ninyi hamjui hata mtani wenu ni nani. Serikali ilizima moto, nasi tukasahau kuwasha tena jiko.

Basi tunza hili. Mjukuu wa Mzee Mligo yupo Ruhuwiko. Nenda ukamwamkie, mjuane ningali hai. Nikifa, mwite yeye kwanza. Akinitukana, mtu asimzuie. Akinyamaza, msinifukie.