Niliua Injini kwa Heshima

Injini ya gari langu ilitoboka ubavuni asubuhi kweupe, katikati ya barabara, nikiwa nimebeba trei za mayai mpaka zinagusa paa.

Halikuvunjika yai hata moja. Kilichovunjika ni kingine kabisa, na ndicho kimenifanya niandike hapa.

Acheni niwasimulie. Mkitaka kunitukana mwishoni, ruksa.

Kazi yangu ilikuwa kusambaza mayai madukani. Gari lenyewe stesheni wagoni kuukuu, nimelinunua likiwa limeshachosha watu kadhaa. Nyumbani tulikuwa tunaliita Shangazi, kwa sababu lilikuwa halikosi la kulalamikia. Leo mlango, kesho rejeta, keshokutwa taa.

Lakini Shangazi ndiye aliyekuwa anatulisha. Ada ya watoto, kodi ya nyumba, vyote vilitoka mgongoni mwake.

Siku moja mimi na Shangazi tunapanda kilima cha kuelekea sokoni, nikasikia ko-ko-ko. Kamlio kadogo, kama mtu anagonga mlango huku anaona aibu.

Nikampigia simu mke wangu.

"Lipeleke kwa baba," akasema. Hakufikiria mara mbili.

Baba mkwe wangu ni fundi magari. Mtaa mzima wanamwita Daktari, kwa sababu ya bisibisi yake ndefu. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia gari linaumwa wapi. Watu walikuwa wanatoka mbali kumletea magari yaliyowashinda wengine.

Na mzee huyu alinipa binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma. Kwa hiyo mimi mbele yake ulimi ulikuwa mzito siku zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Shangazi ana nini tena?"

"Anagonga baba. Ko-ko-ko, hasa akipanda mlima."

Alinitazama mdomoni nikiongea. Akaniambia nirudie, nikarudia.

"Yaweza kuwa tapeti tu, vile vyuma vya kusukuma valvu, vimelegea," akasema. "Hebu tuhakikishe."

Jirani yake, muuza vipuri, alikuwa amekaa pale kwenye ndoo. Akadakia, "Daktari akisema tapeti, ni tapeti! Hakuna rufaa!" Tukacheka.

Nikawasha gari. Mzee akaweka bisibisi, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyomzoea. Kisha akaiweka kando na kuniita nisogee.

"Nachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Wewe niambie kama mlio umebadilika au ni vilevile."

Akachomoa wa kwanza. Injini ikatetemeka, mlio haukubadilika. Nikasema, "Vilevile, baba." Akaurudisha, akachomoa wa pili. Vilevile.

Akachomoa wa tatu, na ile ko-ko-ko ikafifia kabisa. Hata mtoto angesikia.

Akanitazama. "Je?"

Sasa oneni akili yangu ilivyofanya kazi. Mzee ameshasema tapeti, tena mbele ya jirani. Mimi muuza mayai nianze kumkosoa Daktari? Nikajisemea, huyu amesikia mwenyewe, ananipima adabu tu.

"Vilevile, baba."

"Una hakika?"

"Kabisa, baba."

Akamalizia wa nne, akatikisa kichwa taratibu, akachukua spana na kurekebisha tapeti. Malipo alikataa. Nikamwachia mayai, nikaondoka nimevimba kifua, mkwe mwenye adabu zake.

Mlio haukwenda popote. Ulikua.

Mwanzo ulikuwa wa mlimani. Ukaja tambarare. Ukaja hata nikiwa nimesimama. Wenye maduka wakawa hawahitaji honi tena, wakisikia kong-kong-kong wanaanza kutoa trei tupu. Mmoja akaniambia, "Bwana Mayai, hilo gari linaomba kustaafu, mbona unalikatalia?"

Jioni nikamwambia mke wangu nataka kujaribu gereji nyingine.

Akaacha kukunja nguo. "Ukienda kwa fundi mwingine, umeutangazia mtaa kwamba baba amekwisha. Mimi nitamtazamaje usoni?"

"Kwa hiyo tufe njaa kwa adabu?"

"Basi mwambie baba mwenyewe."

Nikaenda. Mzee alikuwa anakunywa chai nje ya banda lake. Nikaegesha hatua chache tu kutoka alipokaa, sikuzima gari. Shangazi anagonga kong-kong-kong, hadi kuku wa jirani wamekimbia.

Mzee akaniuliza, "Mlio umepungua?"

Mlio ule pale, unatetemesha kikombe chake! Nikadhani anasikia ila anaona haya kwamba dawa yake haikufanya kazi. Nikaamua kumsitiri.

"Umepungua sana, baba. Ahsante."

Akashusha pumzi. Akaniambia nikae tunywe chai.

Nikarudi barabarani, nikafungulia redio sauti ya juu ili nisisikie. Ndiyo ilikuwa matengenezo yangu.

Shangazi alikufia kwenye kilima kilekile. Kishindo kimoja, moshi ukatanda, oili ikamwagika hadi kwenye mtaro. Tukalivuta gari kwa kamba mpaka kwa mzee.

Aliifungua injini mwenyewe, hakutaka msaada. Akapanga vipande juu ya gunia, kimoja kimoja. Mwisho akatoa kipande cha chuma kilichopondeka, chembamba kama ganda, akakigeuzageuza kiganjani.

"Beringi ya mkono wa pistoni," akasema. "Ikiwahiwa, inabadilishwa na gari linaendelea. Ikiachwa, mkono unakatika unatoboa injini."

Akanigeukia. Akanitazama mdomoni, kama kawaida yake.

"Hii ni ya pistoni ya tatu, na waya wake ukichomolewa mlio hufifia. Nilipochomoa waya wa tatu, ulisema nini?"

Nikanywea. "Nilisema vilevile, baba."

"Na masikio yako yalisema nini?"

"Ulififia, baba. Nilisikia."

Hakufoka. Bora angefoka.

"Mimi sisikii, mkwe. Sikio hili lilikufa zamani, na hili lingine likafuata. Bisibisi naweka ili watu waone. Kila gari likija, mwenyewe ndiye ananiambia mlio ukoje. Mikono ninayo, akili ninayo. Nilikuwa nimekosa masikio tu."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Nilikuuliza. Nikakuuliza tena kama una hakika."

Akaifunga ile beringi kwenye kitambaa kana kwamba ni kitu cha thamani.

"Wanangu nilijua watanidanganya kwa huruma. Nikasema mkwe ataniambia kweli, maana gari ni lake na tumbo ni lake."

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudi nyumbani nachemka. "Ulijua kwamba baba yako hasikii?"

Machozi yakamtoka mke wangu. "Alinikataza nisimwambie mtu. Nikamsitiri."

Hapo nikacheka, kicheko kibaya. Nyumba nzima tulikuwa tunasitiriana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha watatu.

Muuza vipuri alimaliza kazi. Akaeneza mtaa mzima kwamba Daktari kaua gari la mkwe wake kwa kung'ang'ania tapeti. Wateja wakakatika. Nilitaka kwenda kusema ukweli, mzee akanizuia.

"Utawaambia nini? Kwamba kiziwi alikuwa anatibu magari yao? Wacha waseme nimekosea. Kukosea kuna nafuu."

Banda amelifunga. Spana zote kamwachia fundi mwingine. Mimi siku hizi nasukuma mayai kwa mkokoteni, na kila nikipanda kile kilima nina hasira na watu wote, nikianza na mimi.

Mlitaka somo, lichukueni. Mtu akikuuliza, mjibu alichouliza. Kumwitikia mzee kila neno ni kumwacha peke yake gizani, halafu unajiita mwenye adabu.

Bado tunakwenda kumsalimia. Ananipokea vizuri, ananipa kiti karibu yake.

Wiki iliyopita alihisi kitu, akamgeukia binti yangu mdogo aliyekuwa anacheza kule dirishani.

"Mjukuu wangu, hebu niambie, kuna mtu anagonga mlango?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake kabisa. Hakuniuliza.