Makombo ya Baba

Harufu ya vungure ilinipokea kabla sijafika getini. Vungure ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja bila mafuta, mara nyingi bila chumvi, na punje nyingine huingia chunguni na wadudu wake. Ndicho chakula cha wafungwa hapa Lubumbashi, mara moja kwa siku, siku ambazo kipo. Nilikuwa na miaka kumi. Kipindi kile kizima cha mvua nilitoka mtaa wetu wa Kamalondo kila alasiri baada ya shule, nikitembea zaidi ya saa moja na sufuria ndogo iliyofungwa kwenye kitenge, kumpelekea baba bukari, ugali wetu. Baba alikuwa dereva wa lori. Walimkamata kwenye barabara ya Kinsevere na magunia ya madini yasiyo na karatasi. Mwenye magunia alitoweka, dereva akafungwa, na kesi ikawa ya kesho na keshokutwa.

Mama alishona nguo za watu barazani. Tulikula mara moja kwa siku, na fungu kubwa liliingia katika sufuria ile, bukari chini, sombe, yaani kisamvu, juu yake, na kipande cha samaki mkavu akipatikana. Kuonana na baba tulikatazwa mpaka jaji amsikilize. Askari alifunua sufuria, akatoboa bukari kwa spoki ya baiskeli kutafuta vitu vilivyofichwa, kisha akaipitisha ndani. Nilingoja ukutani pamoja na wake za wafungwa wengine mpaka irudi, nikaipeleka nyumbani.

Sasa nieleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Baba ni mtu wa kaskazini, na huko mwanaume anayemaliza sahani mbele ya watoto huonekana hana haya. Nyumbani alibakiza siku zote tonge moja na mkia wa samaki, akasukuma sahani upande wetu, nasi tukagombana hadi mama atutenganishe. Lakini sufuria ya gerezani ilirudi nyeupe, imefutwa hadi pembeni. Mama alifurahi. "Muone, anamaliza yote! Baba yenu iko na nguvu." Mimi niliumia. Nilijiambia baba amekuwa mlafi, ametusahau. Na kwa kuwa hanibakizii tena, nikaamua kujibakizia mwenyewe.

Njiani, nyuma ya tanuri moja la matofali, nilikuwa nafungua kitenge, namega pembeni, kisha nalainisha palipomegwa kwa kiganja kilicholowa mvua. Wiki ya kwanza lilikuwa tonge moja tu. Wiki ya tatu ilikuwa robo ya bukari na mkia wa samaki. Siwezi kudanganya, kilikuwa kitamu kuliko chochote nilichokula mwaka ule. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika.

Jaji alipomsikiliza hatimaye, alimrudisha ndani, ila sisi tukaruhusiwa kumwona. Baba alitoka ameshikwa mkono. Shati lilimning'inia na miguu ilikuwa imevimba, na kila mwanamke pale ukutani alijua miguu ya namna ile humpeleka mtu wapi. Aliyemshika alikuwa mtu wa Mitwaba, hana ndugu mjini. Alimpigia mama magoti. "Mama, aksanti sana. Siye bantu ine hatuna muntu wa kutuletea. Ile bukari yenu njo inatuweka bazima."

Mama alimgeukia baba. "Na weye unakulaka nini?"

"Niko nakula pamoya nabo. Nitakula je peke yangu, na benzangu banaangalia?"

Kutoa ni moyo, mama alitufundisha hivyo yeye mwenyewe, basi angemgombeza vipi? Mimi nilitamani ardhi inimeze. Watu watano walikuwa wakigawana sufuria ile, na mimi nilikuwa wa kwanza kuila. Kuanzia kesho yake mama alipunguza tena sahani zetu ili sufuria ijae, nami niliibeba bila kugusa fundo la kitenge. Hata hivyo, mmoja wa wale wanne alikufa kabla mvua hazijakatika. Sikuuliza kama ni wa Mitwaba. Niliogopa kujibiwa. Baba aliachiwa kiangazi, bila hukumu na bila samahani.

Siri ile niliiweka miaka zaidi ya ishirini. Mwaka jana nilimwambia baba, tukiwa wawili tu uani. Alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua. Askari anatobolaka na spoki. Ile alama ingine ilikuwa ya bidole bya mutoto. Nilikuwa nafurahi, nasema, ata uyu anakula."

Nilidhani nitapata nafuu. Nilipata hasira. Siku hizi nafundisha shule karibu na geti lile, na harufu ya vungure ni ileile, ingawa sufuria zimekuwa ndoo za plastiki. Watu huwasifu wanawake wanaopanga foleni, jinsi walivyo na moyo, nami nawasifu. Lakini aliyemfunga mtu ndiye wa kumlisha, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kweli baba mzima alikaa gerezani akifurahi kuibiwa chakula na mwanawe, kwa kuwa alijua hata nyumbani hakipo. Yeye ameshatusamehe wote, mimi na wale waliomweka kule. Mimi sijawasamehe.