Gari lilianza kutetemeka baada ya kujaza full tank, nikadhani sheli wameniwekea maji

Wakuu, mwaka juzi, ule ambao karanga ziliungua na jua shambani tukala mlenda mtupu bila karanga mpaka wageni wakatuonea aibu, ndio mwaka gari langu lilinitoa machozi. Mtu wa Dodoma ataukumbuka.

Shikamoo zenu nimezipokea, maana wengi humu ni wajukuu zangu. Siongezi chumvi. Shule yangu ni darasa la nne, herufi zikikosewa nyamazeni, someni.

Nina pikapu ya zamani, ya petroli. Naendesha mwenyewe. Babu yenu alinifundisha kule Buigiri na sijawahi kugonga hata kuku. Madereva wa malori ya Kibaigwa wananipisha.

Sasa muelewe kitu kimoja.

Babu yenu alikuwa hapigi honi. Akitoka kupeleka mahindi sokoni, anasimama nje ya geti, anaacha injini ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Mafundi wanaita sailensa. Mngurumo wa taratibu, kama paka aliyeshiba. Mimi ndani nikiusikia najua mume wangu karudi, naipua ugali, natoka kufungua.

Alipofariki, jioni nilikuwa nawasha gari, naliacha pale uani, naingia ndani nakaa. Nasikiliza tu.

Mkiniona kichaa, sawa.

Basi siku hiyo naenda Kondoa, binti yangu kajifungua. Njia ni ndefu, nikapita sheli nikajaza full tank, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu nibaki peke yangu. Kawaida naweka kidogo kidogo.

Kufika Msalato nikasimama kupisha ng'ombe. Gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikikanyaga mafuta linatulia. Nikiachia linatetemeka, mwisho linazima.

Nikageuza na hasira zangu mpaka sheli, nikamwambia kijana wa pampu wameniwekea maji. Hakunijibu kwa jeuri. Alichota mafuta ya pampu ileile kwenye chupa nyeupe, akaiweka kivulini, tukasubiri. Yangekuwepo maji yangekaa chini. Hayakukaa.

"Bibi, ugonjwa umetoka nao nyumbani," akasema.

Nikamnunia, lakini chupa niliiona.

Nikalirudisha gari nyumbani linakohoa, Kondoa nikaenda kwa basi. Narudi namkuta Yohana, mwanangu wa kwanza, kaja na mtu wa kulinunua. Anasema injini imekufa mama, utakuja kukwama porini na umri huo. Si tamaa, yule ana hofu na mimi kweli. Nikamjibu mbele ya mgeni wake:

"Siuzi. Nikiwa bado na masikio, siuzi."

Akaniuliza masikio yanaingiaje hapo. Mgeni akamaliza chai yake akaondoka.

Ndipo nikamwita fundi Lameck. Akaangalia plagi, safi. Akafungua filta ya mafuta, imechanika. Akashusha kabureta, na kwenye kale katundu kembamba kanakopitisha mafuta ya sailensa akachokonoa kitu. Akakiweka kiganjani, akacheka.

"Bibi, hili gari linakula mahindi."

Chenga za gunzi, wakuu. Na nyuzi za kanga.

Niwaeleze. Zamani mfuniko wa tenki ulisahaulika sheli. Babu yenu akachonga gunzi la mahindi, akalizungushia kipande cha kanga yangu, akaziba. Akasema ni la muda tu. Muda huo ukamzidi yeye. Mimi sikulibadilisha, kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono yake.

Sasa nilipojaza full tank, mafuta yakawa yanalirukia gunzi njia nzima. Likalowa, likamumunyuka, likaingia ndani.

Fundi akaosha tenki na kabureta, akaweka filta mpya na mfuniko wa dukani wenye funguo. Lile gunzi akauliza alitupe wapi. Nikamnyang'anya. Liko dirishani mpaka leo, linanuka petroli.

Kisha nikamwomba azungushe gari huko nje, asimame getini, asipige honi.

Nikaingia ndani nikakaa.

Likaja. Likasimama. Mngurumo wenyewe, taratibu, haukosei hata kidogo. Nikasahau kabisa kwamba kuna mtu nimemtuma. Nikainuka, nikafunga kanga vizuri, nikatoka kufungua.

Alikuwa Lameck.

Akasema, "Bibi, limepona." Nikamwambia nimesikia.

Funzo langu: gari likisumbua baada ya kujaza mafuta, usikimbilie kumgombeza wa pampu kama mimi. Weka mafuta kwenye chupa uone kama yana maji. Angalia mfuniko, filta, kabureta. Ukimaliza vyote ndiyo useme injini imekufa. Na tenki lizibwe kwa mfuniko wa tenki, hata kama anayekupa gunzi unampenda.

Wenye magari ya zamani semeni yenu hapo chini. Na wewe uliyeondokewa na mtu wako, ni sauti gani bado unaingojea? Andika, usione haya. Nasoma polepole lakini nasoma zote.

Ila wale mtakaokuja inbox kuniuliza bei, jibu ni lile nililompa Yohana:

Siuzi. Nikiwa bado na masikio, siuzi.