Pole Iliyogeuka Kosa

Kiwandani walimwita Kamusi, na jina lenyewe lilimpendeza. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha samani, lakini meneja, ambaye alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, alipotaka kusema na mafundi, Kamusi ndiye aliyeitwa. Alijidai kwamba hakuna neno linalomshinda.

Siku moja ubao uliteleza kutoka kwenye rafu ukamwangukia meneja mguuni. Fundi wa vanishi, aliyekuwa karibu kuliko wote, alitupa brashi akamkimbilia. "Pole, bosi! Pole sana jamani!"

"Anasemaje?" meneja aliuliza kwa lugha yake, amekunja uso kwa maumivu.

Katika lugha ile neno lilikuwa moja, la kumliwaza aliyeumia na la kuungama kosa pia. Kamusi akalitoa hilohilo.

"Kumbe ndiye aliyeuangusha," meneja akasema.

Kamusi alielewa papo hapo. Ingetosha sentensi moja tu kurekebisha. Lakini mafundi wote walikuwa wanamtazama mdomoni, akaona haya kusema amekosea. Akanyamaza. Jioni ile fundi wa vanishi aliambiwa asirudi tena.

Siku nne Kamusi aliikwepa njia ya kwa fundi. Ya tano akaenda nyumbani kwa fundi. Mkewe alifungua mlango, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shemeji, poleni," Kamusi alisema.

"Pole ya nini? Kwani tumefiwa?" Hakumkaribisha ndani. "Mwenzangu halali, anajiuliza alimtukana vipi yule bosi."

Masikio ya Kamusi yakawaka moto. "Hakumtukana. Mimi ndiye niliyetafsiri vibaya. Nikajua, nikanyamaza. Naomba mnisamehe."

Fundi alikuwa chumbani, anasikia yote. Hakutoka.

Kesho yake Kamusi alisimama mbele ya meneja, akamweleza kwamba kwetu mtu hupewa pole hata akijikwaa peke yake njiani, na anayeitoa hana hatia yoyote. Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Na siku ile kwa nini hukuniambia?"



Fundi alirudishwa kazini Jumatatu. Kazi ya ukalimani akapewa dada wa mapokezi. Wakikutana mlangoni, fundi huitikia salamu ya Kamusi vizuri tu, akimtazama usoni. Kamusi ndiye anayeinamisha macho na kupita upesi.